Krimu yenye alama nzuri ndiyo iliyoniunguza: nisomeje orodha ya viambato?

«Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nilihamia Dodoma kikazi mwaka juzi nikitokea Tanga. Kule sikuwahi kusumbuliwa na ngozi. Tangu nifike hapa uso hautulii: nikipaka kitu unawaka palepale, pembeni mwa pua unabanduka magamba, na kope zinawasha, hasa siku ya pili baada ya kujaribu kitu kipya. Nimejifunza kusoma orodha za viambato na nimeweka programu ya simu inayokipa alama kila kipodozi. Ajabu ni kwamba krimu ya mimea iliyopata alama ya juu ndiyo iliyoniunguza kuliko zote. Losheni ya watoto nayo imeniwasha, na hata sabuni ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi nyeti. Ninayoyaweza ni mafuta ya mgando tu, lakini programu inasema yanatokana na petroli, niyaache. Kuna krimu nyingine nilipewa na dada mmoja anayeuza vipodozi, kopo jeupe lisilo na maandishi; nikatulia wiki mbili, halafu hali ikarudi kwa nguvu zaidi. Nimekutumia picha za lebo zote. Naomba orodha ya viambato vibaya niviepuke, na vizuri nivitafute. Na mama amenitumia mafuta ya nazi kutoka nyumbani, nipake?»

Marahaba, mdogo wangu. Lebo zako nimezisoma zote na nitazirudia. Lakini nianze na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho, maana ndiyo iliyonitia wasiwasi: lile kopo jeupe.

Krimu inayouzima uso unaowaka kwa siku chache, kisha ukiiacha uso unarudi vibaya kuliko mwanzo, mara nyingi imetiwa dawa ya jamii ya steroidi, kama klobetazoli au betamethazoni. Hizi ni dawa za kweli na mimi mwenyewe huziandika, ila kwa sehemu maalumu ya mwili, kwa nguvu inayojulikana na kwa siku za kuhesabu. Zikipakwa usoni kiholela, ngozi hukonda, vipele vidogo huzunguka mdomo na macho, na ngozi huzoea kiasi kwamba bila dawa hiyo inawaka. Michanganyiko ya kukoroga huweza pia kuwa na haidrokwinoni, yaani dawa ya kung'arisha ngozi, au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Zebaki haiishii kwenye ngozi. Hupenya mwilini, huumiza figo, na ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kama ulitumia hizo wiki mbili tu na umeshaacha, usiirudie kamwe. Kama ulitumia kwa miezi, au bado unatumia, usijinasue peke yako. Njoo kliniki uachishwe kwa mpango, na kopo uje nalo.

Sasa ombi lako. Orodha ya vibaya na vizuri sitakupa, na naomba unielewe kwa nini. Uso wako tayari umekupa ushahidi ambao orodha yangu isingekupa: vitu vitatu vimekuwasha na kimoja hakijakuwasha. Hapo ndipo orodha ya viambato inapokuwa na kazi. Inafaa sana kwa kulinganisha ulivyonavyo wewe, na inafaa kidogo mno kwa kutabiri kitu usichowahi kupaka kitakufanyaje.

Nieleze orodha yenyewe inavyoandikwa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, ndiyo maana mara nyingi ya kwanza ni maji, yaani «Aqua». Mpangilio huo unashika mpaka kwenye vitu vilivyo asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji ana ruhusa ya kuvipanga anavyotaka. Kwa hiyo ukikuta dondoo ya mlonge au ya waridi katikati ya orodha ndefu, inaweza kuwa tone kwenye pipa. Kiasi hakiandikwi. Ubora wa malighafi hauandikwi. Programu ya simu inasoma majina hayo hayo unayoyasoma wewe; haijui kiasi, na haijui lolote kuhusu ngozi yako. Inakuhukumia jina.

Ndivyo ilivyotokea kwenye krimu yako ya mimea. Imepata alama ya juu kwa sababu haina parabeni. Parabeni ni vihifadhi vinavyozuia bakteria na fangasi wasiote ndani ya kopo, na watu wengi wanaviogopa. Kwa upande wa mzio, hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mwaka 2019 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi unaotokana na mguso kilivitangaza kuwa «visivyo mzio» vya mwaka, makusudi, ili watu waelewe kwamba ni nadra mno kuleta mzio. Na watengenezaji walipovikimbia, wengi waliingiza kihifadhi kinachoitwa «methylisothiazolinone», na hicho kikaleta wimbi la mzio Ulaya hadi Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Jina hilo refu ni moja kati ya machache ninayotaka ulikariri. Kwenye lebo zako sijaliona.

Nilichokiona ni hiki. Krimu ya mimea ina mafuta ya lavenda na mafuta ya ganda la chungwa. Losheni ya watoto ina neno moja, «Parfum». Sabuni ya maji, mwishoni kabisa mwa orodha, ina «limonene» na «linalool». Kwa macho ni vitu vitatu tofauti, lakini vyote ni manukato. Linaloli imo kwa wingi kwenye lavenda, limonini imo kwa wingi kwenye ganda la chungwa, na «Parfum» ni mfuko uliofungwa: ndani yake manukato huwa mengi, na mtengenezaji hatakiwi kuyataja yote. Mgando wako, niliouangalia mara mbili, una kiambato kimoja tu.

Hapo ndipo dhana ya «asilia ni salama» inapowaponza wengi ninaowaona. Mmea haukutengeneza harufu yake kwa ajili ya mashavu yetu. Harufu nyingi ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu, na ngozi iliyochubuka inaisikia silaha hiyo. Kuna jambo jingine ambalo lebo haitakuambia: linaloli na limonini zikikaa na hewa hubadilika, na hayo mabaki yaliyobadilika ndiyo yanayoleta mzio zaidi kuliko kitu chenyewe kilipokuwa kipya. Kopo lililoanikwa juani juu ya meza ya barabarani, au lililofunguliwa miezi minane na kukaa dirishani, si lile lile lililotoka kiwandani, japo orodha haijabadilika hata herufi.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kidogo, maana sijathibitisha. Manukato ni mshukiwa mkuu, lakini maelezo yako yana mambo mawili, na yana asili mbili.

Kuwaka palepale ndani ya dakika chache ni mwasho wa kuchokozwa. Ngozi imepasuka, na karibu kila kitu kitaiwasha, hata kitu chema. Kuwasha siku ya pili ni habari nyingine. Mzio wa mguso huchelewa, kwa kawaida siku moja hadi tatu, kwa sababu askari wa kinga ya mwili wanahitaji muda kukitambua kitu na kukusanyika. Watu wengi hukilaumu walichokipaka asubuhi hiyo ilhali mhalifu ni kile cha juzi. Kwa anayechokozwa, kiasi kikipungua mwasho hupungua. Kwa mwenye mzio, hata kiasi kidogo sana kinatosha, ndiyo maana kitu kilicho mwishoni mwa orodha hakiwezi kupuuzwa.

Kwa nini Tanga hukuwa na shida? Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona ndiko chanzo kilipo.

Nadhani umeshaona nyumba za tembe huku kwetu, ukuta wa miti uliokandikwa udongo. Udongo ukiwa mzima, upepo na mvua havipiti. Ukianza kupasuka, hata mchwa wadogo wanaingia. Tabaka la juu la ngozi limejengwa karibu hivyo: seli zilizokufa ndiyo miti, na katikati yake kuna kikandiko cha mafuta ya mwili, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Kikandiko hicho kinazuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Tanga hewa ina unyevu wa bahari mwaka mzima. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi yote iliyobaki ni hewa kavu, na kipupwe kikifika upepo unakuja na vumbi. Hewa kavu hunyonya maji kwenye ngozi bila wewe kutoa jasho la kuonekana.

Kisha kuna maji. Wenyeji husema maji ya hapa yana chumvi. Kwa sehemu kubwa ni ugumu, yaani madini ya kalisi na magnesi, kwa kuwa maji mengi ya mji huu hutoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Makutupora na vingine. Umeyaona mwenyewe: sabuni ya kipande haitoi povu vizuri, na birika lina chokaa nyeupe. Sabuni ikikutana na kalisi hutengeneza utando usioyeyuka. Utando huo unabaki kwenye beseni, na unabaki usoni. Juu ya hayo, sabuni ya kipande ina ukali wa alkali: kwa pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iko 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ukiosha uso mara tatu kwa siku kwa sababu ya vumbi, unakwangua kikandiko mara tatu. Baada ya miezi kadhaa unakuwa na ukuta wenye nyufa, na kila unachopaka kinaingia mahali ambapo hakikupaswa kufika. Hata mzio huanzia hapo kwa urahisi zaidi, maana kinga hukutana uso kwa uso na vitu ambavyo ukuta mzima ungevizuia.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu kipya, punguza. Kwa wiki nne weka kando vyote vitatu. Asubuhi nawa maji tu. Usiku osha mara moja kwa kisafishio kisicho na harufu ambacho si sabuni ya kipande, kidogo, kisha suuza vizuri. Ukichemsha maji, ukayaacha yapoe na chokaa ikatulia chini, unaondoa sehemu ya ugumu. Kwa uso peke yake si kazi kubwa. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mgando kidogo mno, kiasi cha punje ya hindi kwa uso mzima. Ndiyo, asili yake ni petroli. Ila uliosafishwa kwa ajili ya ngozi ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio kwa nadra kabisa, na kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi sijui mafuta yanayoushinda. Hasara zake nazikubali: ni mzito, unang'aa, na siku ya upepo vumbi linagandia. Ndiyo maana nasema kidogo, na kwa siku za kutoka asubuhi unaweza kubaki na safu nyembamba tu. Angalia lakini kwamba mgando mwingi wa watoto umetiwa manukato. Uliokuvumilia haukuwa nayo, basi shikamana na huo huo.

Kichwani jifunge mtandio au vaa kofia pana. Krimu ya jua tutaiongeza uso ukitulia, na ya kwanza kujaribu iwe ya oksidi ya zinki isiyo na harufu. Kwa ngozi zetu huacha weupe, sitakuficha, lakini huchokoza kidogo kuliko nyingi.

Wiki nne zikipita na uso umetulia, jaribu kitu kimoja tu kwa wakati. Usikipake usoni. Paka sehemu ndogo, ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba mfululizo, mahali pale pale. Kupaka mara moja na kusubiri dakika kumi, kama madukani wanavyofanya, hakuwezi kukuonyesha mzio unaochelewa siku mbili. Kwa kisafishio cha kuosha usifanye hivyo, maana kikibaki kwenye ngozi kitamchokoza yeyote. Na usitafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mwasho huonekana kama weusi wa zambarau au kijivu, kama vipele vidogo, au husikika tu kwa kuwasha na joto. Wengi wanakosa matibabu kwa sababu kila maelezo wanayosoma yanasema «wekundu».

Ukisimama dukani na kopo mkononi, soma upande wa nyuma na uache wa mbele. Maneno kama «haileti mzio» au «imejaribiwa na madaktari wa ngozi» hayana kipimo kimoja cha kisheria kinachomfunga kila mtengenezaji. Hata «haina harufu» inaweza kumaanisha wameongeza harufu ya kufunika harufu. Tafuta orodha fupi, kwa sababu viambato kumi ni washukiwa kumi, na arobaini ni arobaini. Ukiona gliserini karibu na mwanzo ni dalili njema. Seramaidi, panthenoli, dimethikoni na shayiri ya unga laini kwa kawaida huvumilika. Usiogope majina ya «cetyl alcohol» na «cetearyl alcohol». Hayo ni nta laini yanayolainisha, japo yana neno la pombe. Linalokausha ni «alcohol denat.» likiwa juu kwenye orodha. Urea na asidi ya laktiki ni nzuri sana kwa visigino vilivyopasuka, ila kwa uso wako wa sasa zitachoma. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ni nzuri pia, lakini usianze na chupa inayojivunia asilimia 10. Na gliserini tupu ya duka la dawa usiipake yenyewe katika kiangazi cha huku. Ipake kidogo kwenye ngozi yenye maji, kisha funika na mgando.

Ndimu na limau hukuvitaja, lakini weusi ukibaki kwenye mashavu mtu atakushauri. Kataa. Ni asidi kali, na ndimu ina vitu vinavyoamshwa na jua na kuacha mabaka meusi, mara nyingine malengelenge. Weusi unaobaki baada ya mwasho hufifia wenyewe kwa miezi ukiacha kuuchokoza, na najua miezi ni mingi ukijitazama kwenye kioo kila asubuhi.

Sasa kope. Hapa orodha za krimu zako zinaweza zisiwe na jibu. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ya mahali pengine popote mwilini, na mara nyingi mzio wa kope unaletwa na mkono. Rangi ya kucha, jeli, gundi ya kucha za kubandika: kucha zenyewe hazisikii lolote, unajikuna jicho, kope zinawasha kesho kutwa. Angalia pia gundi ya kope za bandia, shampuu na jeli ya nywele zinazotiririka usoni, rangi ya nywele, na piko. Piko nyingi nyeusi huwa na rangi ya nywele iitwayo parafenilenidiamini, ambayo ni miongoni mwa viletamzio vikali tunavyovijua, na aliyepata mzio nayo mara moja hubaki nao. Hukuniandikia kuhusu kucha wala nywele, kwa hiyo jiulize, na katika zile wiki nne vipumzishe navyo.

Magamba ya pembeni mwa pua nayo yananipa shaka tofauti. Kama yapo pia kwenye nyusi au kichwani kama mba, inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi unaohusiana na hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Huo hauponi kwa kubadilisha krimu. Una dawa yake ya fangasi, tena si ghali, ila mtu auone kwanza. Tukikuambia «una ngozi nyeti» tumeeleza unavyojisikia tu. Nyuma yake huweza kuwa na pumu ya ngozi, mzio, ugonjwa huo wa magamba, au mabaki ya krimu ya kukoroga.

Ndiyo maana usisubiri wiki nne ziishe ikiwa kope au midomo imevimba, uso unatoa maji au usaha, una homa, au jicho linauma. Ikiwa vipele vimevuka mashavu na daraja la pua, vinazidi ukipigwa na jua, na unaumwa viungo au una vidonda mdomoni, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu hayo huweza kuwa ya mwili mzima. Na kama wiki nne zimepita bila nafuu, ulizia kliniki ya ngozi Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikibidi kwenda mbali, hospitali ya KCMC iliyoko Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda wetu. Beba makopo yote, hata yaliyokwisha, pamoja na lile jeupe, na karatasi yenye tarehe: nini ulipaka, na kuwasha kulianza siku ya ngapi. Lile jeupe, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nao wangependa kujua linauzwa wapi, kwani wao ndio wanaosimamia vipodozi tangu mwaka 2019.

Nimebakiza mafuta ya mama. Usiyatupe. Yapake miguuni na mikononi ukitoka kuoga, na kwenye ncha za nywele. Usoni yaache kwanza mpaka tujue magamba ni ya nini, kwa sababu ile hamira hula asidi zilizomo kwenye mafuta ya mimea, na mgando hauilishi. Tukishalijua hilo na kama si hamira, yajaribu kiwikoni siku saba kama vitu vingine vyote, kisha uniandikie yamekwendaje.